Nipe Mji: Mafumbo ya Makaburini kutoka Mumias hadi Namirembe

Mtegaji akisema "Kitendawili!", wenzake hujibu "Tega!" Wakishindwa kukitegua, yeye hudai: "Nipe mji." Hupewa Mombasa au Kampala, akauzunguka mji huo kwa maneno kisha akatoa jibu. Walimu wengi wa fasihi simulizi huipita sehemu hii ya mji kama mapambo tu. Katika makala haya tutaichukua kwa uzito wake, kwa sababu upo mchezo wa siku hizi ambao jibu la kila fumbo lake ni mahali.

Mchezo huo ni jiokashingi. Ulianza Mei 2000, baada ya Marekani kuacha kupotosha kwa makusudi ishara za GPS zilizotumiwa na raia. Mwezi huo huo mtu mmoja alificha ndoo katika msitu wa jimbo la Oregon, akatangaza latitudo na longitudo yake, na wengine wakaenda kuitafuta. Baadaye watu walichoka kupewa namba bure. Wakazigeuza kuwa mafumbo: toa mwaka huu katika mwaka ule, jumlisha na idadi ya herufi za jina fulani, ndipo upate dakika za latitudo. Makaburi ya kale yalifaa sana kwa kazi hiyo, kwani kila jiwe lina majina na tarehe. Wachezaji wenye adabu hawafichi kitu katikati ya makaburi. Huko husomwa mawe tu, na kisanduku huwekwa nje ya uzio.

Sisi tulioko Busia na Tororo tuna fumbo la namna hii ambalo limelala kando ya barabara yetu. Mtu anayehusika ni James Hannington, askofu wa kwanza wa Kanisa la Anglikana katika Afrika Mashariki ya Ikweta. Aliwekwa wakfu mwaka 1884, na Julai 1885 akaondoka Rabai, karibu na Mombasa, akiwa na wapagazi wapatao 200. Alichagua njia fupi ya kupita nchi ya Wamaasai badala ya njia ya zamani ya kusini mwa Ziwa Viktoria. Alipofika mahali palipoitwa Kwa Sundu, aliacha sehemu kubwa ya msafara chini ya William Jones, mtumwa aliyekombolewa ambaye askofu alikuwa amempa ushemasi mwaka huo huo. Yeye akaendelea na watu 50. Njia yake ya kuelekea Busoga ilikata nchi ambayo leo mpaka wa Kenya na Uganda umeigawa.

Tarehe 21 Oktoba alikamatwa katika nchi ya chifu Luba. Mengo ilikuwa na hofu. Wajerumani walikuwa wameanza kujitwalia nchi upande wa pwani, na ilisemwa kwamba watakaoiteka Buganda watatoka mashariki, yaani kupitia mlango ule ule ambao askofu alikuwa akiubisha. Kabaka Mwanga alitoa amri, na tarehe 29 Oktoba 1885 Hannington aliuawa. Wenzake waliuawa pamoja naye. Katika wale 50, waliookoka ni wanne. Jones aliwarudisha waliobaki hadi Rabai mapema mwaka 1886. Waliingia na bendera ya buluu yenye neno la Kiebrania la kuomboleza utukufu uliotoweka, Ikabodi.

Hapa ndipo fumbo linapoanza. Mahali pa mauaji hukumbukwa Kyando, katika Wilaya ya Mayuge, ambako mahujaji hukusanyika. Lakini mifupa ya askofu ilifikishwa Mumias, ikazikwa huko. Tarehe 31 Desemba 1892 Askofu Alfred Tucker aliizika upya kwenye kilima cha Namirembe, na Mwanga mwenyewe alihudhuria. Kwa hiyo tunaweza kutega: "Nilisafiri miaka saba baada ya kufa." Mwanafunzi atatoa 1885 katika 1892, apate 7, na namba hiyo itamfungulia hatua inayofuata.

Atakayesimama Namirembe ataona kwamba Hannington hakuwa msafiri pekee. Alexander Mackay alifariki Usambiro, kusini mwa ziwa, mwaka 1890, na mabaki yake yaliletwa hapa mwaka 1927. George Pilkington, aliyeongoza kazi ya kutafsiri Biblia kwa Kiganda, aliuawa Desemba 1897 kwenye ngome ya Luba, yaani katika nchi ile ile alikofia Hannington miaka kumi na miwili kabla. Yeye pia alihamishiwa Namirembe. Watatu hawa walifia mbali na kilima hiki, na anayesoma tarehe ya kifo tu atadhani walifia hapa. Hilo ni somo zuri la kusoma matini kwa makini, na kwa maoni yangu linashinda mazoezi mengi ya ufahamu tunayotunga.

Kilima hicho kina fumbo jingine, chungu zaidi. Februari 1977, Askofu Mkuu Janani Luwum alipouawa chini ya utawala wa Idi Amin, kaburi lake lilichimbwa Namirembe karibu na la Hannington. Serikali haikuutoa mwili, na Luwum akazikwa kwao Mucwini, kaskazini mwa nchi. Waumini waliomboleza mbele ya kaburi tupu.

Sasa turudi kwa wapagazi. Msako unaotegemea mawe utampeleka mwanafunzi kwa maaskofu, wamisionari na madaktari. Wale waliouawa pamoja na Hannington hawatatokea, kwa kuwa hakuna jiwe lenye majina yao la kutoa namba. Mtu anaweza kumaliza mchezo, akafungua kisanduku na kutia sahihi, asijue kwamba siku ile walikufa zaidi ya watu arubaini. Mchezo hauwezi kulaumiwa kwa hilo, lakini mwalimu anayeuandaa anaweza. Pendekezo langu ni kwamba hatua moja iwekwe ambayo mawe hayawezi kuijibu: "Tulikwenda hamsini na mmoja, jiwe linataja mmoja." Jibu litatafutwa maktabani, katika wasifu wa Hannington ulioandikwa na E. C. Dawson mwaka 1887.

Atakayekisoma kitabu hicho akiwa anajua Kiswahili atapata zaidi ya idadi. Atakutana tena na tena na jina Kwa Sundu. Msomaji wa Kiingereza huliona kama jina la mji, basi. Sisi tunajua kwamba hiyo ni "kwa" ya umiliki, ile ile ya "kwa mjomba" na "kwa chifu". Watu wa misafara waliita vituo vyao kwa majina ya wenyeji waliowapokea, na Sundu ni Shiundu, baba yake Nabongo Mumia. Mwana alipotawala, mji ukajulikana kwa jina lake, ndiyo Mumias ya leo. Hivyo jina la mtawala wa Wawanga liliingia katika ramani za Wazungu likiwa limevaa sarufi ya wapagazi. Mzungu aliandika alichokisikia, na aliowasikia ndio hao wasio na makaburi.

Kwa watakaoandaa msako huu, jambo la kupima ni kwamba Mumias na Namirembe zinakaribia kuwa kwenye latitudo moja, takriban dakika 20 na dakika 19 kaskazini mwa ikweta, ingawa zimetengana kwa zaidi ya kilomita 200. Kwa hiyo namba za latitudo hazitabadilika sana. Mafumbo yajengwe juu ya longitudo. Kutoka Busitema, Kyando iko upande wa magharibi na Mumias upande wa mashariki, ng'ambo ya mpaka, hivyo darasa liwe na vitambulisho. Fumbo la mwisho litegwe kwa Kiswahili, na atakayeshindwa kulitegua adaiwe mji. Asikubaliwe Mombasa wala Kampala. Atoe jina lililoanza na "kwa", aeleze ni kwa nani, na nani aliyeliita hivyo.