Kuua au Kuzuia: Neno Moja katika Uchunguzi wa Majani ya Mwarobaini

Mwarobaini, mti wenye asili ya Bara Hindi, husemwa kuwa hutibu maradhi arobaini, na dai hilo limo ndani ya jina lake. Maabara haina haja na hesabu hiyo. Swali lake ni dogo: je, dawa iliyokamuliwa katika majani haya huwafanya nini bakteria?

Vyombo vya kulijibia vilipatikana kidogo kidogo. Mwaka 1881 Fanny Hesse alipendekeza agari, ute mgumu utokanao na mwani, itumike kukuzia bakteria. Mwaka 1887 Petri akaeleza sahani yake yenye kifuniko. Utaratibu wa visahani vya karatasi ulisanifiwa na Bauer, Kirby na wenzao huko Seattle mwaka 1966. Majani hukaushwa, husagwa, hulowekwa katika maji au alkoholi, kisha huchujwa. Kisahani cha karatasi kilichotiwa dawa hiyo huwekwa juu ya agari iliyopandwa bakteria, na baada ya usiku mmoja hupimwa, kwa milimita, upana wa duara ambamo bakteria hawakuota.

Hapo ndipo neno letu linapoteleza. Duara hilo huonyesha kwamba bakteria hawakukua. Halionyeshi kwamba wamekufa. Ili kujua kama wamekufa, huna budi kuwahamishia kwenye chakula kisicho na dawa, uone kama wataota tena. Waksman, alipoeneza neno antibiotiki katika miaka ya 1940, aliyataja yote mawili, kuzuia na kuua, tena alikusudia vitu vinavyotengenezwa na vijidudu vyenyewe. Kiswahili kikapata kiuavijasumu: neno zuri, lenye kueleweka hata kwa asiyesoma sayansi, lakini lililochukua kuua na kuacha kuzuia. Wala halibagui kati ya kuvu na jani.

Kwa mwalimu huenda hilo likaonekana jambo la kubishania tu. Si hivyo kwa mfasiri wa taarifa za utafiti. Muhimbili ilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili mwaka 1974, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ikatungwa mwaka 2002. Maandishi ya namna hii hufika mezani kwa watumishi wa Serikali. Mfasiri akiandika kwamba majani “huua vijasumu” ilhali kilichopimwa ni duara tu, ameongeza tokeo ambalo mtafiti hakulipata, na mwenye kidonda kilichooza aweza kulisoma akaahirisha kwenda hospitali.

Kwa hiyo twapendekeza kizuiabakteria kwa kile kinachozuia ukuaji, na kiuabakteria pale tu ambapo kifo kimethibitishwa. Kiuavijasumu kibaki kwa dawa za hospitali, maana kimekwisha zoeleka. Duara lenyewe twaliita duara la uzuiaji, na vipimo vyake viandikwe pamoja na kipenyo cha kisahani.