"Picha Lilianza": Majumba ya Sinema ya Iringa na Mbeya katika Lugha Yetu

Mwaka 1988, nikiwa mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari mkoani Mbeya, nilisahihisha insha ya mwanafunzi wa kidato cha pili yenye kichwa kilichozoeleka, "Siku Nisiyoisahau". Kijana alisimulia Jumapili aliyokwenda sinema mjini kuitazama filamu ya Kihindi iitwayo Sholay. Sentensi yake ya kwanza ilikuwa hii: "Picha lilianza saa kumi jioni." Nikachukua kalamu nyekundu, nikafuta "lilianza", nikaandika "ilianza", maana picha, kama nilivyofundishwa chuo cha ualimu na kama nilivyofundisha, imo katika ngeli ya I-ZI. Mbele kidogo akaandika: "Stelingi akafa, ukumbi mzima ukanyamaza." Nikalizungushia duara neno "stelingi", na pembeni nikaandika: "Si Kiswahili. Sema mhusika mkuu." Nikampa alama chache, nikafungua daftari lililofuata.

Insha ile imenirudia akilini tangu nilipostaafu na kuanza kutafuta historia ya majumba ya sinema ya miji miwili iliyonilea: Iringa nilikokulia, na Mbeya nilikofundisha.

Nilianza kama mtu anayetafuta majengo. Jumba la sinema la zamani hulijui kwa maandishi, hulijua kwa umbo: ukuta mrefu usio na madirisha, sehemu ya mbele iliyoinuliwa ili ionekane kutoka mbali, milango mipana ya kutolea watu kwa mpigo. Katika miji mingi ya Tanzania majumba ya aina hii yamegeuzwa kuwa maghala, maduka, kumbi za harusi au nyumba za ibada. Jengo likibadili kazi hubadili na jina, na jina likiondoka mjukuu hana la kuuliza. Nilipita Uhindini kwa miguu, nikahesabu kuta, nikapiga picha, na jioni nikagundua kwamba nilichokusanya ni matofali. Matofali hayakuweza kuniambia nani alikaa wapi, alicheka nini, alitoka akisema nini.

Hadithi yenyewe ni ndefu, na haikuanzia kwetu nyanda za juu. Huko Zanzibar, mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla alikuwa miongoni mwa waliotangulia kuonyesha filamu kwa biashara katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20, na mwaka 1921 likafunguliwa pale jumba la Royal. Mwanahistoria Laura Fair, katika kitabu chake Reel Pleasures kilichotoka mwaka 2018, ameonyesha jinsi sinema zilivyoenea kutoka visiwani na pwani hadi miji ya bara, zikijengwa zaidi na wafanyabiashara wenye asili ya Asia, wenyeji wa miji hiyo hiyo, waliotaka mji wao nao uwe na mahali pa kwenda jioni.

Upande wa vijijini, sinema iliwafuata watu kwa lori. Kati ya mwaka 1935 na 1937 palikuwa na mradi wa filamu za mafunzo uliokuwa na makao yake Vugiri, karibu na Korogwe. Filamu zake zilitembezwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, sauti ikitoka katika sahani za santuri. Serikali ya kikoloni iliendelea na magari ya namna hiyo kwa miaka mingi baadaye: kitambaa cheupe, jenereta, na mtu wa kufafanua kinachoonekana. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Mtanganyika alijiona mwenyewe kwenye kitambaa hicho, pale Rashidi Kawawa, aliyekuja kuwa Waziri Mkuu, alipoigiza katika Muhogo Mchungu.

Iringa na Mbeya zilikuwa na bahati na taabu ya barabara. Zote mbili ziko kwenye ile njia kuu ya zamani iliyotoka kaskazini, ikapita Dodoma, ikashukia Tunduma na kuingia Rhodesia. Mbeya ilichipuka mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, huko Chunya, na penye dhahabu huja duka, na penye duka huja starehe. Lakini reli haikufika Mbeya mpaka TAZARA ilipojengwa katika miaka ya 1970. Kabla ya hapo, kila filamu iliyoonyeshwa katika miji yetu ilisafiri kwa barabara, ndani ya makopo ya bati. Mkanda wa milimita 35 hupita kwenye mashine kwa picha 24 kila sekunde, na kopo moja hutosha dakika 20 hivi. Filamu ya Kihindi ya saa tatu ilikuwa makopo tisa au kumi. Gari likikwama kwa mvua, au likishindwa mlima wa Kitonga, hakuna sinema.

Mimi niliingia ukumbini mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, nimeshikwa mkono na mjomba wangu. Ilikuwa Julai, na wanaoijua baridi ya Iringa ya Julai watanielewa nikisema kwamba kilichonivutia kwanza ni joto la watu. Tulikaa viti vya mbele, vya bei ndogo, karibu na kioo hata shingo zikauma. Nyuma yetu zilikaa familia za wenye maduka. Pembeni yangu mtu alinung'unika kwa Kihehe, mwingine akamjibu kwa Kibena, na juu ya kioo watu waliimba kwa Kihindi. Lakini adui alipojificha nyuma ya mlango, ukumbi mzima ulipiga kelele kwa lugha moja: "Nyuma yako! Nyuma yako!"

Sikuyaona maana ya kelele zile kwa miaka hamsini. Filamu ilikuwa ya Kihindi au ya Kiingereza, na tafsiri ya Kiswahili haikuwepo. Watazamaji waliifasiri wenyewe, hapo hapo gizani, kwa sauti, na walipotoka waliisimulia upya njiani kwa wale waliokosa tiketi. Watoto wa Kihehe, Kinga, Nyakyusa na Safwa, pamoja na watoto wa wenye maduka, walilazimika kutafuta maneno ya pamoja kwa mambo ambayo hakuna lugha ya nyumbani iliyokuwa imeyapa majina.

Majumba yenyewe hayakudumu. Sheria ya mwaka 1971 ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000, yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sinema nyingi nchini ziliangukia humo. Mwenye sinema akawa mpangaji katika jengo alilolijenga mwenyewe, na wapo waliofunga virago. Uagizaji na usambazaji wa filamu nao ukaja kushikwa na Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968. Baada ya Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, fedha za kigeni ziliadimika, vipuri vikakosekana, mikanda ikachakaa. Kisha zikaja video, na mwaka 1994 vituo vya runinga vikaanza kurusha matangazo Tanzania Bara. Ukumbi wa mamia ya watu haukuweza kushindana na sebule, wala na banda la mabati lenye runinga moja, lile tunaloliita kibanda umiza. Wafasiri wa mikanda, Lufufu akiwa miongoni mwa waliojulikana zaidi, walichukua kazi ambayo zamani ilifanywa na ukumbi mzima.

Hayo ningeweza kuyaandika bila kutoka nyumbani. Kilichobadili kazi yangu ni duka moja la vifaa vya ujenzi, Mwanjelwa, nilipoingia kununua misumari.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

Mwenye duka alikuwa na mvi kichwani. Alinikumbusha jina lake, mwaka wake, dawati lake. Nikamweleza ninachokitafuta, nikamuuliza kama anakumbuka lolote kuhusu sinema. Akacheka mpaka wateja wakageuka.

"Mwalimu, habari za sinema niliziandika zote. Ukazimwagia wino mwekundu."

Ndipo nikajua ni nani niliyekuwa naye. Nikaketi juu ya mfuko wa saruji, nikamwomba anisimulie upya. Akaanza, bila kusita: "Picha lilianza na treni." Akanipa mkanda mzima: majambazi wanavyoivamia treni, yule mzee aliyekatwa mikono yote miwili, vijana wawili aliowakodi wamletee Gabbar Singh akiwa hai, sarafu wanayoirusha kila wanapokata shauri. Alipofika Jai anapokufa, alinyamaza kidogo, kama walivyonyamaza siku ile. Akasema mtu mmoja alisimama katikati ya ukumbi, akapaza sauti kwa mwendesha mashine: "Rudisha nyuma! Umekosea!"

Nikamuuliza kwa nini hakutumia neno nililompa, mhusika mkuu.

"Mwalimu, ulitufundisha Kinjeketile. Mhusika mkuu anaishia mikononi mwa Wajerumani, na hakuna aliyeshangaa. Mhusika mkuu anaweza kufa. Stelingi hafi. Ndiyo maana siku ile sikuisahau."

Ndugu wasomaji, nimefundisha fasihi miaka zaidi ya thelathini, na somo hilo nimepewa dukani, nimekalia saruji. Neno "stelingi" limetokana na neno la Kiingereza lililoandikwa mwanzoni mwa filamu mbele ya majina ya waigizaji. Watazamaji walilichukua, wakalivika sauti za Kiswahili, wakalipa maana ambayo Kiingereza hakikuwa nayo: mtu mwenye ahadi ya kuishi. Ni mapatano kati ya ukumbi na kioo. Nilipolibadilisha kwa "mhusika mkuu", sentensi ya kijana ilibaki sahihi kisarufi, ila tukio lenyewe likatoweka. Kufa kwa mhusika mkuu ni habari. Kufa kwa stelingi ni mapatano yaliyovunjwa.

Na "picha lilianza" je? Sikilizeni watu wanavyosema. Picha ya ukutani, ya harusi au ya kitambulisho, hupotea, huchanika, hutundikwa, yote kwa I-ZI. Lakini picha la Kihindi linaanza, linanoga, linakwisha. Watu wameihamisha filamu hadi ngeli ya LI-YA, makao ya vitu vikubwa, wakaiacha picha ya karatasi mahali pake. Jambo hili halikuamuliwa na baraza lolote. Ninavyoona mimi, liliamuliwa na watu waliokaa viti vya mbele wakitazama uso wa binadamu wenye ukubwa wa nyumba. Ukitaka ushahidi kwamba miji yetu ilikuwa na majumba ya sinema, umo katika kiambishi hicho kimoja, "li", nilichokifuta.

Tangu siku hiyo nimeacha kuhesabu kuta. Nakusanya semi. "Picha linaanza", husema msimulizi anapofikia kiini cha mkasa. "Nipe mkanda mzima", husema asiyetaka kufichwa. Wagomvi wa barabarani hutoa "sinema ya bure". Vijana wanaosema hivi wengi wao hawajawahi kuona mkanda wa milimita 35 wala kukata tiketi dirishani. Wanarithi maneno ya nyumba wasiyoijua.

Nina ombi kwenu mlio na wazee. Waliokuwa vijana sinema zilipojaa sasa wana miaka sabini au themanini. Waulizeni mambo manne: mlikaa viti gani, mlipiga kelele gani, filamu gani mliisimulia njiani, na mliitaje kila kitu mlichokiona. Andikeni majibu kama yalivyotamkwa. Kalamu nyekundu iwekeni mbali.

Yule mwanafunzi wangu aliniuzia misumari kwa bei ya jumla. Nilipoaga, nilimwomba daftari lile kama bado lipo. Aliniambia mama yake alilifungia maandazi mwaka huo huo. Basi nimemwandikia beti hii moja, badala ya alama nilizomnyima:

Majumba yamefungika, milango kutu yalia,
Na taa zimezimika, wazee wanaishia,
Ila neno limeshika, kinywani limetulia,
Kalamu ikilifuta, kumbukumbu yapotea.