Utapiamlo wa utotoni na bakteria wa utumbo
Bakteria wa utumbo wa mtoto hukomaa hatua kwa hatua katika miaka 2 hadi 3 ya kwanza, kadiri anavyoachishwa ziwa na kuzoea uji na vyakula vya kutafuna. Kwa mtoto mwenye utapiamlo mkali, ukomavu huo hudumaa: utafiti uliofanywa Bangladesh na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa bakteria wake hufanana na wa mtoto mdogo kuliko yeye, na chakula dawa, yaani mlo maalumu wa kutibu utapiamlo, kiliwarekebisha kwa muda tu.

Je, bakteria hao ni chanzo cha utapiamlo au matokeo yake? Ushahidi mzito ulitoka Malawi mwaka 2013, kwa mapacha ambao mmoja alipata kwashakoo, aina ya utapiamlo mkali, na mwenzake akabaki mzima. Kinyesi chao kilipandikizwa kwa panya waliofugwa bila bakteria wowote. Katika baadhi ya jozi, panya waliopokea cha mgonjwa na kulishwa mlo wa Kimalawi wenye mahindi mengi walikonda vibaya. Mlo huohuo haukuwakondesha hivyo waliopokea cha pacha mzima.

Mwaka 2021, timu ya watafiti Jeffrey Gordon na Tahmeed Ahmed ilichapisha matokeo ya jaribio la Mirpur, Dhaka, nchini Bangladesh, kwa watoto wenye utapiamlo: mchanganyiko wa dengu, soya, karanga na ndizi, uliobuniwa kuwalisha bakteria waliopungua, uliwaongezea watoto uzito zaidi kuliko chakula cha nyongeza kilichozoeleka, ingawa kalori zake zilikuwa chache zaidi.