Daftari la Malalamiko ya Mji

Katika jiji la New York ipo namba ya simu ambayo kila mkazi anaijua, mwenye nyumba na mpangaji, mzaliwa na mgeni. Namba yenyewe ni 311. Taa ya barabarani ikizimika, takataka zisipozolewa, jirani akipiga muziki usiku wa manane, gari likiegeshwa mbele ya lango la mtu, mwananchi huipiga namba hiyo na malalamiko yake huandikwa. Ilianza kutumika huko mwezi Machi 2003, wakati Michael Bloomberg alipokuwa meya. Si New York iliyotangulia. Mji wa Baltimore ulikuwa nayo tangu 1996, na sababu ya kuianzisha ilikuwa ya kawaida kabisa. Watu walikuwa wakiisonga namba ya dharura ya polisi, 911, kwa mambo yasiyo ya dharura.

Hayo pekee yasingenifanya nishike kalamu, kwani ofisi zote duniani hupokea malalamiko, na nyingi huyaweka kabatini. Jambo lililonivuta ni lile lililofuata. Mwaka 2012 jiji hilo lilitunga sheria, Sheria Namba 11 ya mwaka huo, ya kuzitaka idara zake ziziweke takwimu zao wazi mbele ya umma kwa njia ya mtandao. Leo mtu yeyote, awe yuko Bronx au awe yuko Mbagala, aweza kulifungua daftari la 311 na kuyasoma malalamiko tangu 2010, mstari kwa mstari: siku na saa yalipoletwa, aina yake, idara iliyohusika, mtaa na mara nyingi hata nyumba, kisha hatua iliyochukuliwa na siku shauri lilipofungwa. Kitu kimoja tu hakimo, nacho ni jina la mlalamikaji. Namwomba msomaji alishike neno hilo, maana nitalirudia.

Mimi nililisoma kwa msaada wa mjukuu wangu aliyesomea mipango miji. Macho yangu hayakipendi kioo cha kompyuta, lakini mtu aliyetumia maisha yake na madaftari ya mahudhurio hawezi kupita daftari la namna hii bila kulifunua. "Babu, taja mtaa wowote," aliniambia, "nikuonyeshe watu wake wanaudhiwa na nini." Nikamtajia Bronx, kwa kuwa ndilo jina nililolizoea.

Bronx wanalia baridi. Yapo malalamiko mengine, ya kelele hasa, lakini msimu wa baridi ukiingia mistari ya "hakuna joto, hakuna maji ya moto" humiminika kama mvua ya masika. Sheria ya jiji ni wazi: kuanzia Oktoba 1 hadi Mei 31, nje kukishuka chini ya nyuzi 13 hivi za Selsiasi wakati wa mchana, mwenye nyumba hana budi ahakikishe ndani hakupungui nyuzi 20; na usiku, nje kuweje, ndani kusipungue nyuzi 17 hivi. Basi ukiyachora malalamiko hayo juu ya ramani, nukta moja kwa kila simu, utaona Bronx na kaskazini ya Manhattan kumeiva nukta, wakati sehemu nyingine, ambazo baridi yake ni ile ile, zina nukta za kuhesabika. Kwa kipengele kimoja tu cha sheria umekwisha kujua walipo wapangaji wa majumba makuukuu na walipo wenye mali zao.

Kisa kilichonifurahisha kuliko vyote ni cha harufu. Mwezi Oktoba 2005 watu wa Manhattan walianza kupiga simu wakisema hewa inanukia shira, ile shira tamu ya mti wa maple ambayo Wamarekani humiminia vitumbua vyao vya asubuhi. Harufu nzuri, lakini mji ule ulikuwa bado una jeraha la Septemba 2001, na mtu akisikia harufu asiyoijua huwaza sumu. Harufu ikatoweka. Ikarudi, ikatoweka tena, ikarudi, kwa zaidi ya miaka mitatu. Wapimaji walipoleta vyombo vyao hawakukuta sumu, wala hawakujua inatoka wapi. Hatimaye wakayapanga malalamiko ya 311 juu ya ramani kwa saa na mahali, wakayalinganisha na mwelekeo wa upepo wa saa hizo, wakarudi nyuma kinyume cha upepo hatua kwa hatua, wakavuka mto Hudson mpaka jimbo jirani la New Jersey. Mwezi Februari 2009 meya akatangaza asili yake: kiwanda cha huko kilichokuwa kikishughulikia mbegu za uwatu.

Uwatu! Mbegu ambayo mama zetu wa pwani huiloweka na kumpikia mzazi ili apate maziwa, na ambayo haikosi katika achari. Angekuwepo bibi mmoja wa Pangani katika ofisi ile ya meya, pengine isingechukua miaka mitatu. Lakini nasema hayo kwa mzaha. Bibi angeitambua harufu, ila asingejua inatoka wapi. Kilichojua ni lile daftari. Hakuna mlalamikaji hata mmoja aliyekuwa na jawabu. Kila mmoja alikuwa na saa yake na mtaa wake tu, na vipande hivyo vilipowekwa pamoja vikasema kile ambacho wenyewe hawakukijua.

Wapo wasemao kwamba elimu hii ni ya kompyuta. Si kweli. Mwaka 1854 kipindupindu kilipowaua watu wa Soho, London, daktari John Snow aliitumia njia hiyo hiyo kwa kalamu na karatasi. Alikwenda katika ofisi ya msajili mkuu, ambako William Farr alikuwa akikusanya hesabu za vifo kila wiki, akapewa orodha ya waliokufa na mahali walipokufa. Akaona wengi wao walikaa karibu na bomba la maji la Broad Street. Septemba 7 aliwaeleza viongozi wa parokia, na kesho yake mpini wa bomba ukaondolewa. Hicho ndicho kipande ambacho kila mwalimu wa afya hukisimulia, nami nimekisimulia mara nyingi.

Kipande kisichosimuliwa sana ni cha mahali ambapo hapakuwa na vifo. Karibu kabisa na bomba lile palikuwa na nyumba ya maskini yenye watu 535, na waliokufa humo walikuwa 5 tu. Palikuwa pia na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi 70 na zaidi, na hakuna aliyekufa. Mtu mvivu angesema, basi bomba halina kosa. Snow alikwenda kwa miguu akauliza. Nyumba ya maskini ilikuwa na kisima chake; na wale wa kiwandani walikuwa wakipewa bia, maji ya bomba hawakuwa na haja nayo. Mahali peupe katika ramani palimfundisha sawa na mahali peusi, lakini si kwa kupatazama, ilimbidi aende.

Hapa ndipo napaona hatari ya daftari la New York, na hatari yenyewe haiko katika yale yaliyoandikwa. Simu ya 311 haihesabu makosa. Inahesabu watu waliopiga simu. Nilipokuwa mkuu wa shule tulikuwa na kitabu cha adhabu, na mkaguzi mgeni akikifungua angeweza kudhani kuwa darasa lenye mistari mingi ndilo lenye watoto watukutu. Sisi tuliokuwa pale tulijua kwamba mara nyingi lilikuwa tu darasa la mwalimu aliyependa kalamu. Na lilikuwepo darasa ambalo halikuwa na mstari hata mmoja kwa muhula mzima. Darasa hilo ndilo nililokwenda kulichungulia mimi.

Wataalamu wawili, Joscha Legewie na Merlin Schaeffer, walichapisha utafiti mwaka 2016 baada ya kuchambua simu za 311 zipatazo milioni 4.7. Walitaka kujua majirani hushtakiana wapi zaidi: kwa kelele, kwa kunywa pombe hadharani, kwa kuzibiana njia za magari. Mtu angetazamia iwe ndani ya mitaa ya watu wa kabila moja au rangi moja, au pale mipaka kati yao ilipo wazi kama ukuta. Waligundua kuwa ni pale mpaka ulipofifia, mtaa wa hawa unapoyeyuka polepole katika mtaa wa wale, hata pasijulikane hapa ni kwa nani. Kwa hiyo nukta iliyoandikwa "kelele" yaweza kuwa kelele kweli, na yaweza kuwa mtu anayeuliza kwa serikali: huyu amekuja lini hapa?

Na ukimya je? Katika jiji lile wako watu wengi wanaoishi katika vyumba vya chini ya nyumba, chini ya usawa wa ardhi, ambavyo sheria hairuhusu vipangishwe. Vina dirisha dogo au havina, na mara nyingi mlango ni mmoja. Mpangaji wa chumba hicho akipiga 311 kulalamika, mkaguzi aweza kuja, akaona hatari, akatoa amri ya kuhama, na anayehama ni huyo huyo aliyelalamika. Nani atapiga simu ya kujifukuza? Tarehe 1 Septemba 2021 mabaki ya tufani Ida yalipita New York, ikanyesha mvua ya milimita 80 kwa saa moja. Walikufa watu 13 jijini, na 11 kati yao walifia katika vyumba vya chini, wengi wao huko Queens. Maji yalishuka ngazi yakawakuta.

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaosema kuwa kufungua takwimu ni kumaliza kazi. Wala sikubaliani na wenzangu wa rika langu wasemao kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Miji yetu imejengwa na sheria ndogo tangu mwanzo. Dar es Salaam ilipata kanuni za ujenzi za Wajerumani mwaka 1891, na katika miaka ya 1920 Waingereza wakaugawa mji katika kanda tatu. Ukiyasoma maneno yake huoni rangi ya mtu. Unaona aina ya jengo tu, la kudumu au la udongo na makuti. Lakini wananchi hawakusoma maneno, walisoma mitaa, wakaiita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati. Hao ndio waliokuwa wachambuzi wa takwimu wa wakati ule.

Siku hizi tunazo ramani nzuri. Tangu 2015 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi, katika mradi wa Ramani Huria, wamepita mitaani pamoja na wenyeji wakichora vichochoro, mifereji na nyumba, na ramani hizo ziko wazi kwa kila mtu. Nilifurahi kuona kuwa walitembea, kama tulivyofundishwa chuo cha ualimu kuipima ramani ya kijiji kwa hatua za miguu. Tunachokosa ni daftari la kuweka juu ya ramani. Malalamiko yetu hupelekwa kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa, hupelekwa kwa mdomo, mbele ya watu walioketi kwenye benchi. New York malalamiko yako wazi na mlalamikaji amefichwa. Kwetu mlalamikaji yuko wazi, na malalamiko ndiyo yanayofichika. Jioni ile ile mwenye baa anajua ni nani aliyemsemea, lakini baada ya mwaka hakuna awezaye kusema ni mara ngapi baa ile ililalamikiwa.

Na wa bondeni kwetu ni kama wale wa vyumba vya chini. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu wapatao 40 Dar es Salaam, na baadhi ya walionusurika wakapewa viwanja Mabwepande. Desemba 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zikapigwa alama ya X na kubomolewa. Mtu aliyeiona X hiyo ukutani kwa jirani hatakwenda ofisini kusema kuwa mfereji umeziba.

Mwezi uliopita nilimpeleka mjukuu wangu kwa mwenyekiti wa mtaa wetu, nikamwomba tuone kaunta-buku ambalo karani huandika mashauri. Mwenyekiti alisita, na alikuwa na haki ya kusita. Tukapatana: karani atafunika safu ya majina kwa ukanda wa karatasi, nasi tutanakili tarehe, aina ya shauri na eneo tu. Ilituchukua alasiri tatu. Takataka, kelele za ulevi, maji machafu yanayotiririshwa njiani, ugomvi wa mipaka, mbuzi. Mjukuu ameyatia yote katika ramani. Upande wa barabara ya lami nukta zimesongamana kama siafu. Upande wa mtoni, ambako nyumba zimebanana kuliko kote, kuna nukta 2 kwa mwaka mzima, na zote mbili ni za mbuzi. Mvua zikikatika tutateremka huko, yeye na karatasi zake, mimi na fimbo yangu, tukabishe hodi.