Kasri la Karuzika: Kilima Kimoja, Historia Mbili

Oicha, makao makuu ya eneo la Beni katika Kivu ya Kaskazini, na Fort Portal, mji mkuu wa ufalme wa Toro nchini Uganda, imo karibu katika mstari mmoja wa ramani, kaskazini kidogo ya ikweta. Kati yake kuna msitu, bonde la mto Semliki na ncha ya kaskazini ya milima ya Ruwenzori. Kwa mstari ulionyooka, umbali wenyewe haufiki kilomita 100. Juu ya kilima kimoja mjini Fort Portal limesimama kasri la Karuzika, makao ya Omukama wa Toro. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya kasri hilo na mvuto wake, na kuonyesha kwamba mvuto huo haueleweki barabara mpaka kilima kitazamwe pia kwa macho ya wale waliotawaliwa kutoka juu yake.

Yafaa kwanza kupambanua maneno. Ngome na husuni ni majengo ya kujihami. Boma ni ua au ukuta wa kuzungushia, na wakati wa ukoloni likawa pia jina la ofisi ya mtawala. Kasri ni makao ya mfalme. Neno hili limetokana na Kiarabu, nalo la Kiarabu hunasibishwa na neno la Kilatini lenye maana ya kambi ya askari iliyozungushiwa ukuta. Kwa hiyo jina lenyewe limebeba mambo mawili, enzi na silaha, na katika historia ya Toro mambo hayo hayakuachana.

Ufalme wa Toro ulianzishwa takriban mwaka 1830, pale Kaboyo, mwana wa Omukama wa Bunyoro, alipojitenga na baba yake. Jina la kasri ni ushahidi wa nasaba hiyo, kwani kasri la Bunyoro lililoko Hoima nalo huitwa Karuzika. Toro ilidumu kwa tabu. Katika miaka ya 1870 Kabalega wa Bunyoro aliirudisha chini yake, na wana wa ukoo wa kifalme wakauawa au wakakimbia. Mwaka 1891 Frederick Lugard, akiwa katika utumishi wa kampuni ya Waingereza, alimrudisha Kasagama katika kiti cha enzi. Kisha alivuka hadi Kavalli, katika Ituri ya leo, akawachukua askari wa Kisudani walioachwa na Emin Pasha, akawaweka katika ngome zilizojengwa kumzuia Kabalega. Fort Portal ilikua kandokando ya ngome kama hizo. Jina lake ni la Gerald Portal, mjumbe wa Uingereza aliyefika Buganda mwaka 1893 na kufariki London Januari 1894. Hivyo Omukama alirudi kileleni akilindwa na bunduki za mgeni.

Jengo lenyewe si la kale. Katika falme za Kitara makao ya mfalme yalikuwa ya miti na nyasi, nayo yaliweza kuhamishwa. Kilichodumu ni ngoma za ufalme na watu walioziheshimu. Kasri la mviringo linaloonekana leo lilijengwa katika miaka ya 1960 kwa ajili ya Rukidi III, mwana wa Kasagama, aliyefariki mwaka 1965. Halikupata kukaa kwa amani. Katiba ya mwaka 1967 chini ya Milton Obote ilifuta falme zote za Uganda, na katika vurugu zilizofuata kuanguka kwa Idi Amin mwaka 1979 jengo liliporwa likabaki gofu. Falme ziliporudishwa mwaka 1993, Toro ilikuwa na mfalme lakini haikuwa na kasri la kumweka. Mfalme huyo, Patrick Olimi Kaboyo, alifariki mwaka 1995, na Septemba mwaka huo mwanawe Oyo alitawazwa akiwa na umri wa miaka mitatu. Mwaka 2001 kasri lilikarabatiwa kwa fedha za Muammar Gaddafi wa Libya.

Mvuto wa Karuzika una sababu zaidi ya moja. Kuna mahali penyewe: kilima kinautawala mji wote, na siku isiyo na ukungu mtu aliye juu yake huiona Ruwenzori upande wa magharibi. Kuna kisa cha mfalme mtoto, ambacho kimevuta wageni wa mbali. Lakini kwa Watoro wenyewe sababu iliyo kubwa ni kwamba jengo lilikufa likafufuka pamoja na ufalme. Anayepanda kilima hicho huenda kuthibitisha kwamba kilichofutwa kwa katiba hakikufutika mioyoni.

Hata hivyo, kilima kinachoonekana kutoka pande zote huwa na watazamaji wa namna nyingi. Kwenye miteremko ya Ruwenzori huishi Wakonzo, na katika bonde la Semliki huishi Waamba na Wabwisi. Wakonzo ni watu wamoja na Wanande wa Beni, Butembo na Lubero. Lugha ya Watalinga wa eneo la Beni ndiyo lugha ya Wabwisi. Mpaka uliokubaliwa na wakoloni mwaka 1910 uliwagawa ndugu hawa kati ya Ubelgiji na Uingereza, na waliobaki mashariki wakawekwa chini ya Omukama wa Toro. Kati ya 1919 na 1921 Wakonzo waliasi wakiongozwa na Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, na viongozi hao watatu wakanyongwa. Uhuru ulipokaribia, wawakilishi wa Wakonzo na Waamba waliomba watambuliwe kuwa sawa na Watoro. Walipokataliwa, Isaya Mukirane alitangaza mwaka 1962 dola ya Rwenzururu, naye baadaye akawa mfalme wake wa kwanza. Kwa wapiganaji hao wa mlimani, kasri lililokuwa likijengwa Fort Portal katika miaka iyo hiyo halikuwa fahari. Lilikuwa alama ya kile walichokikimbia.

Lakini ni jambo la kutafakariwa kwamba waliopinga kasri la mwenzao hawakukataa ufalme, bali walitaka wao pia wawe na mfalme na makao yake. Vita vilikwisha kwa mapatano mwaka 1982, na mwaka 2009 serikali ya Uganda ikamtambua Charles Wesley Mumbere, mwana wa Mukirane, kuwa mfalme wa Rwenzururu. Novemba 2016 majeshi ya serikali yalilishambulia kasri lake mjini Kasese. Watu zaidi ya 100 waliuawa na makao yakateketezwa. Mumbere alikamatwa, na mashtaka yake hayakufutwa hadi mwaka 2023.

Oicha haikusalimika na mkondo huu. Miongoni mwa waliopatanisha mwaka 1982 alikuwa Amon Bazira, ambaye mwaka 1988 aliunda kundi la waasi la NALU lililotumia upande wa Kongo wa mlima. Mabaki ya kundi hilo yaliungana na waasi wengine wa Uganda katika miaka ya 1990, likazaliwa kundi la ADF. Mwaka 1998 kundi hilo lilishambulia chuo cha ufundi cha Kichwamba, karibu na Fort Portal, na wanafunzi wengi wakateketea kwa moto. Tangu mwaka 2014 ndilo lililohusishwa na mauaji makubwa katika eneo la Beni, na Oicha yenyewe imeshambuliwa mara kadhaa. Haitakuwa haki kudai kwamba ugomvi wa Toro ndio uliozaa mauaji hayo, kwani ADF ya leo ina itikadi na shabaha nyingine kabisa. Lakini mmoja wa mizizi yake ulipandwa katika mlima ambao watu wake waliomba usawa wakanyimwa.

Kwa mintarafu hii, historia ya Karuzika ni sehemu ya historia ya Beni pia. Watoro wana haki ya kujivunia kasri lililoinuka kutoka gofuni. Wakonzo na ndugu zao wa magharibi wana haki ya kukumbuka jinsi kilima kile kilivyoonekana kutoka chini. Mwandishi atakayesimulia moja na kuliacha la pili atakuwa ameeleza kuta tu, wala hatakuwa amewaeleza watu.