Mkao na Mwendo katika Uchoraji wa Watu

Katika ufundi wa kuchora watu, kazi itanguliayo kalamu ni kuchagua mkao: mwili uelekee wapi, mkono uinuke kadiri gani, uzito uegemee mguu upi. Neno mkao latokana na kukaa, na ndani yake mna maana ya utulivu. Historia ya uchoraji wa Ulaya yaonyesha kwamba kwa muda mrefu utulivu huo ndio uliokuwa sheria.

Chuo cha kifalme cha uchoraji, kilichoanzishwa Paris katika mwaka wa 1648, kiliwafundisha wanafunzi kumchora mtu aliye uchi. Mwalimu ndiye aliyemweka katika mkao, mara nyingi kwa kufuata sanamu za kale za Wayunani na Warumi. Ili avumilie, mtu huyo alipewa fimbo ya kuegemea au kamba ya kushika. Basi mkimbiaji aliyechorwa hivyo alikuwa, kwa kweli, mtu aliyesimama.

Katika mwaka wa 1878, Mwingereza Eadweard Muybridge alipanga kamera 12 kando ya njia ya farasi huko California. Picha zake zilithibitisha kwamba farasi apigapo mbio huwa hewani miguu yake ikiwa imekunjwa chini ya tumbo, wala haikunyoshwa mbele na nyuma kama Géricault alivyoichora katika mwaka wa 1821 katika picha ya mashindano ya Epsom. Mwaka wa 1887 Muybridge alitoa mabamba 781 ya picha, mengi yakiwa ya watu: wakitembea, wakiruka, wakipanda ngazi. Hapo wachoraji walipata mikao ambayo hakuna mtu awezaye kukaa ndani yake.

Je, mchoraji alipaswa kuifuata? Degas alichora farasi kwa kuzitazama picha hizo. Rodin, katika mazungumzo yaliyochapishwa mwaka wa 1911, alimtetea Géricault: msanii ndiye msema kweli, kwa kuwa wakati hausimami kama picha ya kamera inavyousimamisha. Sanamu yake ya Yohana Mbatizaji, iliyoonyeshwa Paris katika mwaka wa 1880, yatembea huku nyayo zote mbili zimegusa ardhi. Nyakati mbili za hatua moja zimeunganishwa katika mwili mmoja.

Mkao huo Rodin hakuubuni. Alieleza kwamba mkulima wa Kiitalia kutoka Abruzzi, asiyewahi kuchorwa wala kuchongwa, alipanda jukwaani akaikita miguu yote miwili kama mtu aendaye, naye Rodin akautambua papo hapo. Baadaye aliwaacha watu wake watembee huru chumbani mwa kazi, akawachora bila kuwaondolea macho. Mkao, uliokuwa ukiwekwa na mwalimu, sasa ulingojewa.