Amplifaya ya kisanduku kimoja au ya vipande? Mwongozo kwa anayenunua mtambo wa muziki wa nyumbani

Miaka michache nyuma, zamu yangu ya chama ilipofika, nilivuka feri nikaenda mjini kununua kitu nilichokitamani tangu utotoni: mtambo wa muziki wa vipande. Kipande kimoja cha kuongoza sauti, kingine kizito cha kusukuma spika, vyote vya mtumba kutoka Japani, vinang'aa kama vipya. Kurudi Likoni ilibidi nimlipe kijana wa mkokoteni anivushie mzigo. Nikafika nyumbani, nikaunganisha, nikachomeka. Taa iliwaka, ikazima, chumba kikajaa harufu ya kuungua. Siku ya pili fundi alinionyesha kibandiko kilichokuwa nyuma muda wote: volti 100. Stima yetu ni volti 240. Muuzaji hakuniambia, na mimi sikuuliza. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Tangu hapo, jamaa na majirani wanaotaka kununua mtambo hunijia na swali lile lile: ni bora amplifaya ya kisanduku kimoja au ya vipande? Jibu langu ni fupi. Kwa nyumba nyingi za huku kwetu bara, kuanzia Mtongwe hadi Mikindani hadi Bamburi, kisanduku kimoja kizuri kinatosha, na pesa inayobaki iende kwenye spika na kwenye kinga ya umeme. Vipande vina nafasi yake, lakini uwe na sababu unayoweza kuitaja. Nieleze kwa nini.

Kazi mbili za amplifaya

Amplifaya yoyote hufanya kazi mbili. Ya kwanza ni kupokea na kuongoza: kuchagua kama unasikiliza simu, redio, kanda au santuri, kupandisha na kushusha sauti, kurekebisha besi. Sehemu hii huitwa priamplifaya. Ya pili ni kuipa sauti hiyo nguvu ya kusukuma spika. Hii ndiyo amplifaya ya nguvu.

Tofauti ya kazi hizi ni kubwa. Mashine ya CD hutoa takriban volti 2. Sindano ya kawaida ya santuri hutoa kama milivolti 5 tu, yaani elfu tano za sehemu ya milioni ya volti. Lakini kusukuma wati 50 kwenye spika ya ohmu 8 kunahitaji volti 20 na ampea mbili na nusu. Kwa hivyo ndani ya mtambo mmoja kuna sakiti inayobeba sauti hafifu mno, na nyingine inayobeba nguvu ya kukutetemesha mkono.

Kazi zote mbili zikiwa ndani ya boksi moja, hicho ni kisanduku kimoja. Kila kazi ikiwa na boksi lake na waya wake wa umeme, hivyo ni vipande.

Kwa nini zilitenganishwa

Transfoma kubwa ya amplifaya ya nguvu hutoa sumaku inayobadilika mara 50 kwa sekunde, sawa na stima yetu. Sumaku hiyo ikiwa karibu na sakiti ya santuri, utasikia mvumo kama wa nyuki nyuma ya muziki. Ukiyatenga maboksi, mvumo hupungua. Pia, besi nzito ikivuta umeme mwingi kwa ghafla, upande wa sauti hafifu haubabaiki, kwa kuwa una transfoma yake.

Mfano unaojulikana ni wa kampuni ya Quad ya Uingereza. Mwaka 1967 ilitoa jozi ya Quad 33, kipande cha kuongoza, na Quad 303, kipande cha nguvu chenye wati 45 kila upande. Jozi hiyo iliwafanya watu wengi waamini kwamba mtambo wa maana lazima uwe wa vipande.

Kisha mwaka 1978 ikaja NAD 3020: kisanduku kimoja, wati 20 tu kila upande, bei ya mtu wa kawaida. Ilikuwa miongoni mwa amplifaya zilizonunuliwa zaidi duniani, kwa sababu ilisukuma spika vizuri kuliko wati zake zilivyoonyesha. Nyuma yake palikuwa na vijichuma vilivyounganisha sehemu ya kuongoza na sehemu ya nguvu. Ukivichomoa, unaweza kuongeza amplifaya nyingine ya nguvu baadaye. Yaani kisanduku kimoja kiliacha mlango wazi wa kuwa vipande.

Ukinunua mtumba wa namna hii, angalia kama vijichuma hivyo vipo. Vikipotea, amplifaya haitoi sauti kabisa, na wengi huiuza kwa bei ya chuma chakavu wakidhani imekufa. Waya mfupi wa RCA kila upande hufanya kazi ile ile.

Wati unazozihitaji kweli

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa. Ukiongeza wati mara mbili, sauti hupanda desibeli 3 tu, tofauti unayoisikia lakini ndogo. Ili sikio liseme sauti imekuwa kubwa maradufu, unahitaji wati karibu mara kumi. Kutoka wati 40 kwenda wati 80 si jambo la kukukosesha usingizi.

Spika ndiyo inayoamua zaidi. Kwenye karatasi yake utaona kipimo cha desibeli kwa wati moja katika umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 90 inahitaji nusu ya wati za spika ya desibeli 87 kutoa sauti ile ile. Kuchagua spika vizuri ni sawa na kununua amplifaya kubwa mara mbili bila kulipa.

Halafu fikiria chumba. Wengi wetu tunaishi kwenye nyumba za Kiswahili zenye vyumba pande mbili na ukumbi katikati, ukuta ni mmoja na wa jirani, na jirani mwenyewe pengine ametoka zamu ya usiku bandarini. Fikiria pia unachosikiliza. Sauti ya Juma Bhalo au udi wa Zein l'Abdin uko zaidi katikati ya mizani, si kwenye besi ya kutikisa madirisha. Wati 30 hadi 50 za kweli kila upande zinatosha na kubaki.

Nasema za kweli kwa sababu ya maandishi ya PMPO. Redio ndogo huandikwa wati elfu kadhaa za PMPO, na namba hiyo haikuambii lolote. Tafuta neno RMS. Kisha geuza mtambo usome kibandiko cha nyuma kinachosema unakula wati ngapi za umeme. Kama unakula wati 60, hauwezi kutoa wati 100 kila upande mfululizo. Hakuna mtambo unaotoa kuliko unachokula.

Usiende chini mno pia. Amplifaya ndogo ikikazwa hadi mwisho huanza kukwaruza, na mkwaruzo huo ndio unaounguza twita za spika. Ukisikia sauti imechafuka, shusha.

Kisanduku kimoja kinafaa lini

Kinafaa kama chumba ni cha kawaida, spika si ngumu kusukuma, na unataka mtambo unaowashwa na mtu yeyote wa nyumbani bila somo. Unalipia boksi moja, transfoma moja na waya mmoja wa umeme, kwa hivyo kwa pesa ile ile unapata sakiti bora ndani. Kinachukua nafasi ndogo. Ukihama, unakibeba kwa tuktuk.

Nunua chenye matundu nyuma yaliyoandikwa PRE OUT. Hayo ndiyo yatakayokuruhusu kuongeza amplifaya ya nguvu au sabufa baadaye. Kama una santuri, hakikisha kuna tundu la PHONO. Mashine ya kanda haihitaji hilo, inaingia kwenye tundu lolote la kawaida kama AUX au TAPE.

Vipande vinafaa lini

Sababu za haki ni hizi. Una sebule kubwa au ua wa kufanyia shughuli za familia. Una spika za ohmu 4 au zenye desibeli chache, zinazodai umeme mwingi. Unasikiliza santuri kwa sindano yenye sauti hafifu zaidi ya ile ya kawaida. Au tayari una kisanduku kimoja chenye PRE OUT na unataka kuongeza nguvu bila kukitupa.

Kuna faida nyingine inayosahaulika: kipande kimoja kikiharibika, unampelekea fundi hicho tu, na kingine kinabaki kizima.

Gharama yake nayo uijue. Vipande huongeza waya na viungo. Boksi mbili zikiwa zote na waya wa ardhi, mara nyingine huzunguka umeme kati yao na kuleta mvumo ule ule uliokuwa ukiukimbia. Watu wengine hukata waya wa ardhi ili kuutuliza. Usifanye hivyo hata siku moja, waya huo ndio unaokuokoa mwili wa boksi ukipata stima. Chomeka maboksi yote kwenye soketi ya ukuta mmoja, na mvumo mara nyingi hutulia.

Vipande pia vina utaratibu wa kuwasha. Priamplifaya huwashwa kwanza, ya nguvu mwisho. Kuzima ni kinyume chake. Ukikosea, spika hupigwa kishindo. Sasa fikiria stima imekatika usiku ukiwa unasikiliza, kisha ikarudi alfajiri na swichi zote ziko chini. Maboksi yote huamka pamoja. Kama mtambo hauna kizuizi cha ndani cha kuchelewesha sauti, kishindo hicho hakikwepeki. Umeme ukikatika, inuka uchomoe.

Mambo ya kwetu: volti, chumvi na joto

Kwanza volti, somo langu la gharama. Japani ni volti 100, Marekani 120. Saudia kwa miaka mingi ilikuwa na volti 127 katika nyumba nyingi, kwa hivyo hata mtambo alioleta ndugu kutoka Ghuba ukague. Mitambo ya Uingereza huja tayari kwa stima kama yetu. Mtambo wa volti 100 ukichomekwa kwenye 240 hupokea zaidi ya maradufu ya ulichoumbiwa. Mingine ina swichi ya kubadilisha volti nyuma. Isiyo nayo inahitaji transfoma ya kushusha, yenye wati zaidi ya zile zilizoandikwa kwenye mtambo. Kwa vipande, hesabu wati za maboksi yote mawili, na uongeze bei ya transfoma hiyo kabla ya kusema umepata rahisi.

Pili chumvi. Upepo wa bahari hula shaba na bati. Kitufe cha sauti huanza kukwaruza, upande mmoja wa spika hupotea na kurudi. Kila kiungo ni mahali pengine pa kuliwa, na vipande vina viungo vingi. Mara mbili au tatu kwa mwaka, zima kila kitu, chomoa waya, zipanguse kwa kitambaa kikavu, uzirudishe. Vitufe vinavyokwaruza fundi huvisafisha kwa dawa ya kupuliza ya vifaa vya umeme. Mafuta ya mlango hayafai.

Tatu joto. Kapasita za ndani hupoteza karibu nusu ya umri wao kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na Februari na Machi huku tunazijua. Acha nafasi ya shubiri moja juu ya amplifaya. Usiweke boksi juu ya boksi, wala kitambaa cha kufuma juu yake, hata kama kinapendeza. Amplifaya za kisasa za aina ya D hupoteza umeme kidogo sana kwa joto, na kwa hilo zinafaa nyumba zetu na tokeni zetu.

Kabla ya kulipa

Tuseme una shilingi 60,000. Mimi ningeweka 30,000 kwenye spika, 20,000 kwenye amplifaya ya kisanduku kimoja, na 10,000 kwenye waya, stendi na kile kisanduku cha kulinda vifaa umeme unapopanda na kushuka. Ukigawa pesa hiyo hiyo kwa maboksi mawili, ama spika zitakuwa dhaifu au kinga itakosekana.

Dukani, fanya haya. Soma kibandiko cha volti kwa macho yako. Nusa matundu ya hewa: harufu ya kuungua haifichiki. Zungusha kila kitufe muziki ukicheza. Sikiliza kwa angalau nusu saa, kwani makosa mengine hutokea mtambo ukipata moto. Jaribu spika zote mbili, moja moja. Omba risiti yenye siku za kurudisha. Na usijifungulie boksi mwenyewe hata likiwa limechomolewa, kwa sababu kapasita kubwa huweka umeme muda mrefu.

Vile vipande vyangu sikuvitupa. Fundi aliokoa priamplifaya, ile ya nguvu ilikufa. Siku hizi priamplifaya hiyo inakaa juu ya transfoma ndogo ya kushusha volti na hucheza kanda za marehemu baba, ikisukumwa na kisanduku kimoja cha wati 40 nilichonunua kwa robo ya pesa niliyounguza. Nikiwa sebuleni naisikia vizuri, na jirani hajanigongea ukuta bado.